"Ni Wanawake Tu": Mary Ward na Shirika Lililonyimwa Mama

Mwaka 1749 Papa Benedikto XIV alitoa hati ambayo hata wakili mzoefu angekuna kichwa akiisoma. Kusini mwa Ujerumani kulikuwa na ugomvi. Askofu wa Augsburg alidai kwamba nyumba za masista zilizo jimboni mwake ni zake kuziongoza. Masista wakasema hapana, sisi tuna mkuu wetu mmoja, mwanamke, anakaa München, na yeye ndiye anayepanga nani aende nyumba ipi. Papa akasikiliza pande zote, akaamua: maaskofu wabaki na mamlaka yao, lakini masista nao waendelee kuwa na mkuu wao wa shirika zima. Halafu akaweka sharti. Ni marufuku kumtambua Mary Ward kuwa mwanzilishi wao.

Shirika lipo, shule zipo, wasichana wamejaa madarasani, mkuu mwanamke ameruhusiwa, ila mama aliyelizaa shirika hatajwi. Alikuwa kaburini tayari kwa miaka 104. Marufuku hiyo ilikaa miaka mingine 160, hadi Pio X alipoiondoa mwaka 1909.

Wengi wanaomwandika Mary Ward huanzia gerezani, maana kisa cha gereza ni kitamu (nami nitakifikia, siwezi kukiruka). Lakini mimi naona ufunguo uko kwenye hati ile. Jambo alilolipigania maisha yake yote, kwamba wanawake waliojitoa kwa Mungu waongozwe na mwanamke mwenzao, lilikubaliwa ndani ya karatasi ileile iliyofuta jina lake. Embe likaliwa, mwembe ukakanwa.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1585 mahali paitwapo Mulwith, karibu na Ripon, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Enzi hizo za Malkia Elizabeth I kuwa Mkatoliki kulikuwa na gharama. Aliyekataa kuhudhuria ibada za kanisa la serikali alitozwa faini mpaka mashamba yakaisha. Padre aliyenaswa alinyongwa na mwili wake kukatwa vipande. Parokia zilikufa, Kanisa likahamia majumbani. Na nyumbani mwenye funguo ni nani? Mama wa nyumba ndiye aliyejua padre amefichwa wapi, mtumishi gani hana mdomo mrefu, misa isomwe saa ngapi kabla majirani hawajaamka, na watoto wafundishwe sala zipi. Kama wanawake wale wangekaa wakisubiri maelekezo, ukatoliki wa Yorkshire ungekwisha ndani ya kizazi kimoja.

Bibi yake mzaa mama, Ursula Wright, ambaye Mary aliishi kwake miaka kadhaa utotoni, alikwisha kukaa gerezani jumla ya miaka 14 kwa ajili ya imani. Wajomba zake wawili, John na Christopher, wana wa bibi huyohuyo, waliingia katika njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti, wakauawa kwa risasi. Wanaume wa ukoo walichagua baruti, na kilichopatikana ni sheria kali zaidi dhidi ya Wakatoliki wote. Bibi alichagua kukaa ndani na kutoka akiwa yuleyule aliyeingia. Sijui mjukuu aliwapimaje moyoni, ila njia aliyoifuata ilikuwa ya bibi.

Mwaka 1606, akiwa na miaka 21, akavuka bahari kwenda Saint-Omer, mji uliokuwa wakati huo chini ya Wahispania, ili awe mtawa. Huko akaingia kwa Masista Waklara, watawa wa ndani ya ukuta, akapewa kazi ya kuzunguka mjini kuomba sadaka. Hakukaa. Akaanzisha konventi ya Waklara kwa ajili ya wasichana wa Kiingereza kule Gravelines, na hiyo nayo akaiacha mwaka 1609. Nadhani kwa watu wa Saint-Omer alikuwa kigeugeu tu: binti wa watu, mzuri, wa ukoo unaojulikana, hajui anataka nini.

Jibu lilimjia mbele ya kioo. Alikuwa amerudi London, akitembea na nguo za hariri kama mwanamke wa tabaka lake ili asishukiwe, huku akiwasaidia Wakatoliki kwa siri. Asubuhi moja alisali, akaona sala imekuwa baridi, haina ladha. Akaacha, akakaa kutengeneza nywele. Hapo ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipoelewa kwamba hakuitiwa kuwa Mkarmeli, mtawa wa ndani wa sala na ukimya, kama alivyokuwa anafikiria, bali kitu kingine ambacho hakukijua bado, kitakachompa Mungu utukufu zaidi. Na kwa muda mrefu hakusikia kitu ila neno hilo moja, utukufu, utukufu, utukufu. Ninapenda kwamba halikutokea kanisani. Watakatifu wengi tunaonyeshwa wakipata maono wamepiga magoti. Huyu alikuwa na kitana mkononi.

Akakusanya wenzake: Winefrid Wigmore, Mary Poyntz, Barbara Babthorpe na wengine, karibu wote mabinti wa familia zilizoteswa. Wakarudi pamoja Saint-Omer, wakafungua shule. Mwaka 1611, akiwa anapona ugonjwa, akasikia ndani yake maneno aliyoyaelewa wazi: chukua yaleyale ya Shirika. Yaani Shirika la Yesu, Wajesuiti.

Tukae hapa kidogo, maana vita vyote vilianzia kwenye maneno hayo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 ulisisitiza kwamba watawa wa kike wakae ndani ya ukuta, na Papa Pio V mwaka 1566 akakaza zaidi: mwanamke mwenye nadhiri kamili haingii wala hatoki. Wajesuiti walikuwa kinyume cha hayo yote. Hawakuwa na ukuta, hawakukusanyika kuimba masifu pamoja mara kadhaa kwa siku, hawakuwa na vazi lao la pekee, hawakuwa chini ya askofu wa mahali, na waliongozwa na mkuu mmoja aliyemtii Papa moja kwa moja, hivyo waliweza kutumwa popote. Mary Ward alitaka hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa wanawake. Wajesuiti wenyewe hawakufurahi. Ignasi wa Loyola alikwisha kupambana miaka ya 1540 ili shirika lake lisiwe na tawi la wanawake, na wakuu waliomfuata waliogopa kuonekana wanalilea moja kwa mlango wa nyuma.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini ukuta uwe kitu kikubwa hivyo? Si wangefundisha humohumo ndani? Walikuwepo watawa waliofanya hivyo. Lakini fikiria shule ya ndani ya ukuta ni ya nani. Ni ya bweni, kwa hiyo ni ya binti ambaye baba yake ana uwezo wa kumlipia akae huko miaka. Binti wa fundi viatu, ambaye jioni anatakiwa nyumbani kumshikia mama mtoto, hana njia. Shule za Mary Ward zilikuwa na bweni kwa mabinti wa Kiingereza waliotoroshwa kwao, na pembeni yake shule ya kutwa, bila ada, kwa wasichana wa mji. Walifundishwa dini, kusoma, kuandika, kushona. Zaidi ya hapo, Kilatini. Kilatini kilikuwa lugha ya sheria, tiba na teolojia, lugha ya wanaume waliosoma. Kumfundisha msichana Kilatini ni kumpa ufunguo wa kabati ambalo watu wamekubaliana asilifungue. Tena waliigiza michezo ya kuigiza jukwaani, jambo lililowakera sana waliokuwa wakitafuta la kukera.

Mwaka 1617 kasisi mmoja Mjesuiti aliambiwa jinsi wanawake hawa walivyo na bidii. Akajibu kwamba bidii yao ni ya mwanzo tu, itapoa, kwani hata hivyo ni wanawake tu. Maneno yakafika Saint-Omer. Mary Ward akawaita wenzake, akazungumza nao, na kwa bahati mtu aliandika aliyoyasema. Bidii, aliwaambia, haiko katika kuwa mwanamume au mwanamke, na hakuna tofauti kati ya wanaume na wanawake ya kuwafanya wanawake washindwe kutenda makuu. Mume ni kichwa cha mke, sawa. Wanaume ndio viongozi wa Kanisa, sawa. Wanawake hawaadhimishi sakramenti wala hawahubiri makanisani, sawa. Katika mengine yote, tumepungukiwa nini hata tuitwe "wanawake tu"? Akawakumbusha kwamba Maandiko yanasema ukweli wa Bwana wadumu milele. Si ukweli wa wanaume wala si ukweli wa wanawake, ni wa Bwana, na mwanamke anaweza kuwa nao sawasawa na mwanamume. Natumaini kwa Mungu, akasema, itaonekana kwamba wanawake katika siku zijazo watafanya mengi.

Sentensi hiyo ya mwisho siku hizi inachapwa kwenye fulana na mabango ya shule. Zile za katikati hazichapwi, nazo kwangu ndizo zenye uzito. Angalia jinsi anavyojenga hoja. Anakubali kila kitu ambacho mpinzani wake angekitaja, kimoja baada ya kingine, kisha anauliza: umemaliza? Basi kilichobaki ni kikubwa mno, na hicho ni chetu. Hakuomba altare. Aliomba shule, na kwamba mwenye shule awe mwanamke.

Waliomkasirikia zaidi walikuwa mapadre wa Kiingereza wasio watawa, ambao tayari walikuwa na ugomvi mkali na Wajesuiti kuhusu nani aongoze Wakatoliki wa Uingereza. Kumpiga Mjesuiti ni kazi. Kumpiga mwanamke anayemwiga ni rahisi. Malalamiko yakapelekwa Roma. Wakaitwa Wajesuiti wa kike, wakaitwa wasichana wa kukurupuka mbio, wakaitwa masista wazururaji. Wanaoishi Waswahilini wanaujua mtindo huu: mwanamke mwenye shughuli zake, jina la kwanza atakalopewa ni kuhusu miguu yake.

Mwaka 1621 akaamua kwenda mwenyewe kumweleza Papa. Akaondoka kaskazini mwezi Oktoba na wenzake wachache, wakavuka milima ya Alpi wakati baridi imeshaanza, sehemu kubwa kwa miguu, wakafika Roma tarehe 24 Desemba. Gregori XV akawapokea vizuri. Makardinali wakasema wanawake hawa ni wema sana, kazi yao ni njema sana, sasa wakubali ukuta. Akakataa. Wakafungua shule Roma, kisha Napoli na Perugia, ili wakubwa wajionee kwa macho. Wasichana wakajaa. Mwaka 1625 shule ya Roma ikafungwa kwa amri, na akina mama wa mitaani wakaja kulia mlangoni. Kaskazini mambo yalikuwa bora: mtawala Maximilian wa Bavaria akampa nyumba München mwaka 1627, Vienna ikafuata mwaka huohuo, kisha Pressburg, mji ambao leo tunauita Bratislava.

Hapa kuna kosa lake, nami sitaki kulipaka sukari. Roma ilikwisha kuamua kuvunja shirika, lakini ikafanya kimyakimya, nyumba moja baada ya nyingine, kupitia mabalozi wake. Papa Urbano VIII alipoonana naye alikuwa mpole, na Mary Ward akautafsiri upole kuwa kibali. Amri za kufunga nyumba zilipofika, Aprili 1630 aliwaandikia masista wa Trier, Köln na Liège wasizitii, akiamini zimetolewa bila Papa kujua. Papa alijua. Barua hiyo ndiyo iliyowapa maadui zake walichokosa miaka ishirini, yaani ushahidi wa uasi kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa na imani kubwa mno kwa mtu aliyeketi kitini na hakuielewa ofisi inayomzunguka. Wanawake wangapi wameumizwa na kauli ya "mimi binafsi sina tatizo na wewe"?

Hati ya kuvunja shirika ilitolewa tarehe 13 Januari 1631, na lugha yake ni kali kupita kiasi. Inawatuhumu kwa kiburi na ukaidi, na kwa kufanya kazi zisizolingana hata kidogo na udhaifu wa jinsia yao na staha ya kike. Tarehe 7 Februari mkuu wa mapadre wa München akafika na karatasi: Mary Ward akamatwe kama mzushi, mfarakanishi na mwasi dhidi ya Kanisa Takatifu. Akapelekwa kufungiwa kwa Masista Waklara, shirika lilelile alilokuwamo ujanani. Wakamweka katika chumba kidogo ambacho madirisha yake yalizibwa karibu yote. Hakuruhusiwa kuandika wala kupokea barua.

Lakini chakula kiliruhusiwa, na nguo za kubadilisha. Wenzake waliobaki katika nyumba yao mjini walimpelekea vitu vimefungwa kwenye karatasi, na yeye alirudisha nguo chafu na vyombo vimefungwa kwenye karatasi. Nani anaangalia karatasi ya kufungia? Juu yake alikuwa ameandika kwa maji ya limau. Yakikauka hayaonekani. Mwenzake akiifikisha nyumbani anaikaribisha kwenye moto, herufi zinatoka za kahawia, moja moja. Zaidi ya barua ishirini za aina hiyo zipo mpaka leo. Zimejaa mambo ya mtu anayeendesha ofisi: nani aandikiwe, hati ipi ifichwe, Roma waambiwe nini, na msihuzunike, changamkeni. Shirika lilikuwa limefutwa kisheria, na mkuu wake aliendelea kuliongoza kwa tunda la jikoni.

Kisha akaugua, akafika karibu na kufa. Akaomba mpako wa wagonjwa. Akaambiwa kwanza atie saini karatasi inayosema kwamba kama amewahi kusema au kutenda lolote kinyume cha Kanisa, anatubu. Neno dogo hilo, kama. Akalikataa. Akasema hawezi kufa huku saini yake ikiwachafua wanawake wote waliomfuata, akaandika maneno yake mwenyewe badala yake. Akapona. Aprili wakamwachia, mwaka uliofuata akafika mbele ya Urbano VIII, akamwambia: Baba Mtakatifu, mimi si mzushi wala sijapata kuwa mzushi. Papa akajibu: tunaamini, tunaamini. Hakumrudishia shirika.

Je, alikuwa mtetezi wa haki za wanawake? Neno lenyewe halikuwepo, na wanaotaka kumvika bendera ya leo wanasahau orodha yake ya "sawa, sawa, sawa". Wanaotaka kumfanya kielelezo cha sista mtiifu nao wanasahau barua ya Aprili 1630, na saini iliyokataliwa kitandani. Mimi namweka katika ufeministi wa Kikristo bila wasiwasi, kwa sababu moja: hakuitafuta heshima ya mwanamke nje ya imani kisha akairudisha kanisani kama mgeni. Aliitoa katika zaburi. Na aligusa swali ambalo hadi leo linawatoa watu jasho kuliko lile la altare: kazi ikishafanywa na wanawake, nani anaisimamia, na jina la nani linaandikwa juu?

Waliomfuata walijua kuishi bila kutajwa. Mwaka 1686 mmoja wao, Frances Bedingfield, alifungua konventi York, Bar Convent, ambayo ipo mpaka leo. Binti mmoja wa Dublin, Frances Ball, alisoma hapo, akaingia utawa hapo, na mwaka 1821 akaupeleka Ireland. Nyumba yake ya Rathfarnham akaiita Loreto, na jina hilo ndilo lililosafiri: Calcutta mwaka 1841, Nairobi mwaka 1921. Msomaji wa Kenya sasa ameshajua tunazungumzia nini. Loreto Msongari, Loreto Limuru. Wasichana wangapi walikaa miaka minne chini ya jina hilo wakidhani ni la mtakatifu fulani wa Italia?

Wala tusisahau kwamba ndoto ya mwanamke aliyefungua shule ya kutwa kwa mabinti wa mafundi viatu ilifika kwetu imegawanywa kwa rangi. Msongari ilianza kwa watoto wa Wazungu. Waafrika walisubiri hadi Limuru, mwaka 1936. Wangari Maathai alipoingia Limuru mwaka 1956, hiyo ndiyo ilikuwa sekondari pekee ya Kikatoliki kwa wasichana Waafrika nchini Kenya. Huko alikutana na mtawa aliyemvuta kwenye sayansi. Alimaliza mwaka 1959, mwaka uliofuata akaenda Marekani kusoma biolojia, na baadaye, alipoitwa majina na wakubwa wa nchi yake kwa sababu ya miti, majina hayo yalikuwa na harufu ileile ya mwaka 1617.

Jina la Mary Ward lilirudi polepole. Mwaka 1951 Pio XII alimwita mwanamke asiye na mfano. Mwaka 2004 tawi moja la shirika lake lilipata hatimaye jina alilolitaka, Congregatio Jesu, likiwa limechukua katiba ya Wajesuiti, yaleyale ya mwaka 1611. Mwaka 2009 Benedikto XVI alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Mtakatifu hajatangazwa.

Alikufa Januari 1645 Heworth, nje kidogo ya York, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkatoliki hakuwa na mahali pa kuzikwa. Wenzake wakatafuta mpaka wakapata, kijiji cha Osbaldwick, mchungaji Mwanglikana ambaye, kwa maneno yao wenyewe, alikuwa mwaminifu kiasi cha kukubali rushwa. Wakamzika hapo. Kwenye jiwe wasingeweza kuandika mtawa, wala mwanzilishi, wala shirika, kwa hiyo walichonga kwamba kuwapenda maskini, kudumu katika hilo, kuishi, kufa na kufufuka pamoja nao, ndilo lilikuwa kusudi lote la Mary Ward. Jina lake wameliandika kamili, na jiwe lipo bado, ndani ya kanisa la Waanglikana.